UZI: Mtihani wa RBT unapima kazi au unapima Kiingereza?

#1 Binti Kigoma
Habarini wanajamvi, naenda moja kwa moja. Niko Texas, nafanya kwenye kituo cha watoto wenye usonji, kazi yenyewe ni ile ya fundi wa tabia, kwa cheti ndo inaitwa RBT. Hoja yangu: huu mtihani haupimi kazi, unapima Kiingereza. Kazini kwetu kuna kaka mmoja Mkongo, mtoto akianza kujigonga kichwa ukutani yeye ndo anaitwa, ana subira, data zake ziko safi, watoto wanamkimbilia, lakini pepa imemkataa. Halafu kuna kabinti kazawa wa hapahapa kamekuja juzi, bado kanaruka mtoto akifungua mdomo maana kanaogopa kung'atwa, kenyewe kamepita mara ya kwanza na kurudi kanatafuna chingamu. Mimi naingia mwezi ujao. Niambieni ukweli, nisome tabia au nisome kamusi?

#2 Mbeba Boksi Mstaafu
Karibu Binti. Soma vyote alafu lala mapema. Kwa wasioijua hii kitu, RBT ndo ngazi ya chini kwenye vyeti vya BACB, ile bodi ya Marekani inayotoa vyeti kwa watu wa fani ya tabia. Unatakiwa uwe na miaka 18, umemaliza sekondari, rekodi yako ya polisi ikaguliwe, ukae mafunzo ya masaa 40, halafu msimamizi akukague kwa vitendo, hapo ndo unaruhusiwa kukaa kwenye pepa. Maswali 85, dakika 90. Kati ya hayo yanayohesabiwa ni 75 tu, hayo 10 wanayajaribia kwako na hawakwambii ni yapi. Kwahiyo ukikutana na swali la ajabu ajabu usikae nalo matanga, weka jibu songa mbele, inawezekana hata maksi halina.

#3 Mzee wa Mikeka
Kiingereza ni kisingizio. Changu mimi ni cha shule ya kata na nimepita. Kinachotuangusha ni tulivyolelewa: tunakusanya madesa, tunapiga msuli wa kukariri definisheni neno kwa neno, tunatafuta pasti pepa, tunaomba Mungu swali lijirudie. Hawa jamaa hawaulizi "eleza maana ya". Wanakupa kisa, mtoto kafanya hivi, mhudumu kafanya vile, kesho yake ikawa hivi, haya chagua. Kama una definisheni kichwani ila hujui inatembeaje, majibu yote manne unayaona yamevaa sare.

#4 Kamongo254
Niaje wasee. Mzee wa Mikeka namkubali nusu. Wacha niwape mfano, na hii si swali ya exam, nimeitunga mwenyewe hapa kwa basi.

Mtoto yuko supamaketi na mamake, analilia peremende. Mama ananunua, mtoto ananyamaza. Wiki chache baadaye mama ananunua peremende hata kabla kilio kishike moto. Swali: tabia ya MAMA ya kununua imeimarishwa na nini? A uimarishaji chanya, B uimarishaji hasi, C adhabu chanya, D adhabu hasi. Mjibu bila Google.

#5 Binti Kigoma
A. Peremende imetolewa, kitu kimeongezwa, tabia imeongezeka.

#6 Dokta Feki
C. Mama ndo anaadhibiwa, bei za huku mnazijua?

#7 Chizi wa Data
B. Binti umejibu swali la mtoto ila umeulizwa la mama. Kwa mtoto ni kweli, kalia, kapata peremende, kesho analia tena, hiyo chanya. Kwa mama kilichotokea baada ya kununua ni kelele kuondoka, na kununua kwake kumeongezeka. Kitu kimeondolewa, tabia imepanda, hiyo ni hasi. Kila swali la namna hii jiulize mambo matatu tu, tabia ni ya NANI, baada yake kitu kimeongezwa au kimeondolewa, na mbele ya safari tabia imepanda au imeshuka. Wema na ubaya weka pembeni kabisa, wengi wakiona "hasi" wanawaza adhabu moja kwa moja na hapo ndo wanazama.

Na angalia, Kamongo kaandika kwa Kiswahili na bado umeingia kingi. Sasa kamusi ingekusaidia nini?

#8 Binti Kigoma
Haha sawa Chizi. Ila lingekuwa kwa Kiingereza ningetumia kwanza nusu ya muda kujua nani kamfanyia nani nini, ndo nifike hapo unaposema wewe. Dakika 90 kwa maswali 85 ni dakika moja na vijisekunde. Aliyezaliwa na lugha anasoma kisa mara moja, mimi nasoma mara mbili. Hoja yangu iko palepale.

#9 Lushois wa Iowa
Bonjur bandugu. Miye niko muntu wa Lubumbashi, niko huku Iowa. Binti Kigoma anasema kweli. Nyinyi ba Tanzania na ba Kenya sekondari mulisoma mu Kingereza, siye tulisoma mu Kifaransa. Kingereza nilikipatia mu kiwanda cha nyama, sasa Kingereza ya kiwanda na Kingereza ya mtihani haiko moja. Swali ikiuliza "ni gani HAIKO njia ya kupima", kale kaneno ka kukatala kako kadogo sana, macho inakaruka, unachagua jibu ya kweli kumbe balitaka ya bongo. Miye najua kazi. Muulize supavaiza wangu.

#10 Dokta Feki
Lushois umeandika "jibu ya bongo" huku wabongo wamejaa, utakula ban 😂

#11 Lushois wa Iowa
Kwetu bongo ni uongo ndugu yangu, haiko Dar es Salaam.

#12 Mbeba Boksi Mstaafu
Lushois pole kaka. Kwenye yale masaa 40 kuna nafasi watu hawaitumii. Sheria inasema usiyamalize chini ya siku 5 na yasivuke siku 180. Watu wengi wanayakimbiza kwa wiki moja kwasababu kituo kinataka waanze kazi haraka, video inaongea yenyewe huku mtu anapika ugali. Una siku 180! Simamisha, andika kwa Kifaransa chako, uliza. Ukiyakimbiza yale masaa utakuja kuyasoma upya kwa wasiwasi wa tarehe ya pepa.

#13 Chizi wa Data
Ngoja niwape sababu ambayo hamjaitaja. Wengi wanaoanguka sasa hivi wanasoma madesa ya zamani. Tangu 1/1/2026 mtihani wa RBT umehamia kwenye muhtasari wa toleo la 3. Zamani kati ya maswali 75 yanayohesabiwa, 24 yalikuwa ya kufundisha ujuzi na 12 tu ya kupunguza tabia sumbufu. Sasa kufundisha ujuzi yamebaki 19, kupunguza tabia 14, data na grafu 13, tathmini 8, nyaraka na taarifa 10, maadili 11. Mtu ananunua maswali ya mazoezi yaliyopangwa kwa uzani wa zamani, anapata 90 kila siku, akifika kule anakuta grafu anaona wamemuonea. Kabla hujalipia kitu chochote angalia kimeandikwa toleo la ngapi. Na muhtasari wenyewe uko bure kwenye tovuti ya bodi, watu hawaufungui tu.

#14 Mzee wa Mikeka
19+14+13+8+10+11, nimejumlisha nikitegemea kukukamata. Ni 75. Endelea.

#15 Binti Kigoma
Asante Chizi. Sasa hiyo ya data ndo inanitoa jasho. Kuhesabu mara ngapi naelewa, muda wa tabia kuanzia inaanza mpaka inaisha naelewa, muda kati ya maagizo na mtoto kuanza kutenda naelewa pia. Ila haya mambo ya vipindi, cha sehemu, kizima, na kile cha kuchungulia mwisho, hapana aisee.

#16 Chizi wa Data
Chukua dakika moja. Ikate vipande sita vya sekunde kumi kumi. Mtoto kaketi mezani na mafumbo yake. Kipande cha kwanza kalia sekunde mbili akanyamaza. Cha pili kalia mwanzo mpaka mwisho. Cha tatu kimya. Cha nne kimya, ila sekunde ya mwisho kabisa kilio kikaanza. Cha tano kaendelea kidogo akaacha. Cha sita kimya.

Kwa kipindi-sehemu unaweka alama ya ndiyo popote kilio kilipoonekana hata kwa kupepesa jicho: cha 1, 2, 4, 5. Vinne kati ya sita. Kwa kipindi-kizima lazima alie kipande chote: cha 2 peke yake. Kwa kuchungulia unaangalia sekunde ya mwisho tu: cha 2 na cha 4. Mtoto ni yuleyule, dakika ni ileile, majibu matatu tofauti.

Kipindi-sehemu kinakuza tabia kuliko ilivyo, kizima kinaipunja. Ndo maana tabia unayotaka ipungue unaipima kwa sehemu, usije ukajidanganya imeisha wakati bado ipo. Unayotaka iongezeke, mfano kukaa kwenye kazi, unaipima kwa kizima, usije ukajisifu mapema. Ukielewa hiyo sababu huna cha kukariri.

#17 Kamongo254
Manze Chizi wewe ulipaswa kuwa mwalimu. Mimi nilielezewa hii kitu na supavaiza kwa simu akiwa anaendesha gari, nikasema ndio ndio ndio.

#18 Mbeba Boksi Mstaafu
Umeigusa sababu ya nne Kamongo. Wasimamizi. Kanuni inataka angalau asilimia 5 ya masaa yako ya mwezi usimamiwe. Ukifanya masaa 100 ni matano tu, na hayo matano kuna sehemu yanageuka kuwa kikao cha kujaza makaratasi. Mwenye msimamizi anayemuuliza "kwanini umetoa kidokezo hapo, ungesubiri ingekuwaje" huyo anaingia kwenye pepa ameshajibu nusu.

#19 Mwalimu Tengeru
Habari za leo ndugu zangu. Nimefuatilia uzi kimya kimya. Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, nimesoma chuo cha Patandi, nina darasa lenye watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili pamoja. Mengi mnayoongea nayafanya bila kujua yana majina. Nauliza, naweza kufanya mtihani huo nikiwa hapa Arusha?

#20 Mbeba Boksi Mstaafu
Shikamoo mwalimu. Ndiyo unaweza, masaa 40 ni onlaini, kazi kwako.

#21 Chizi wa Data
Hapana mkuu, usimpoteze mwalimu akatoa hela. Mafunzo ya onlaini atayapata, ila cheti hapana. BACB walianza 1998 na zamani walipokea watu wa dunia nzima, lakini kuanzia 1/1/2023 walifunga maombi mapya kwa nchi nyingi za nje, zetu zikiwemo. Kwa mtu aliye Arusha au Nairobi kuna bodi nyingine, IBAO wana cheti cha ngazi ya chini kinaitwa IBT na cha juu IBA, na QABA wana ABAT kwa ngazi ya chini. Hizo zinapokea watu walio nje ya Marekani. Mwalimu soma masharti kwenye tovuti zao wenyewe, na mtu yeyote wa WhatsApp akikwambia anakutafutia RBT ukiwa Tengeru mjue huyo anakutafuta wewe.

#22 Mwalimu Tengeru
Marahaba Mbeba Boksi. Asante sana Chizi, umeniokolea mshahara.

#23 Kamongo254
Mwalimu, na pia usidharau ulicho nacho. Huku Kenya mtu akimaliza KISE, ile taasisi ya elimu maalum pale Kasarani, anajua kumkalisha mtoto wa usonji kuliko sisi wa masaa 40. Mzazi wa Nairobi hakuulizi karatasi ya Marekani, anakuuliza mtoto ataongea lini.

#24 Mama Zawadi
Samahani naingilia mazungumzo ya watu wa kazi. Mimi ni mzazi, mwanangu ana usonji, tuko Kentucky. Nawasoma mnalalamika mtihani mgumu, mimi naona ni mwepesi mno. Nyumbani kwangu wamepita mafundi wengi wenye hicho cheti. Mmoja alikuwa anamshika mwanangu kidevu amuangalie machoni, mtoto anatetemeka, yeye anaandika "kapata" kwenye tableti. Nilivyouliza akasema mpango unasema hivyo.

Nilianza kusoma mwenyewe. Yule mwanasaikolojia Lovaas wa chuo cha UCLA, anayesifiwa kwenye fani yenu, 1987 alitoa matokeo ya watoto 19 waliopewa masaa 40 kwa wiki, akasema 9 wamefikia kiwango cha watoto wa kawaida, dunia ikashangilia. Ila kwenye mpango uleule "hapana" ya kufoka ilikuwemo na kofi la paja lilikuwemo. Leo watu wazima wenye usonji wanaeleza walivyofunzwa kuficha walivyo ili wakubwa wafurahi. Hayo yapo kwenye maswali yenu 85? Mtu anajua kipindi-sehemu na kipindi-kizima ila hajui mtoto akigeuza uso anakwambia nini.

#25 Mzee wa Mikeka
Mama heshima yako. Hapo umesema. Masaa 40 ni kidogo sana, hapa Marekani majimbo mengi mtu akitaka leseni ya kunyoa kwa pesa anasomea mamia ya masaa. Sisi tunapewa mtoto wa mtu baada ya wiki.

#26 Wa Ngazi ya Juu
Mama Zawadi, mimi ni BCBA, yaani ngazi ya wanaosimamia mafundi, na sitabisha kuhusu kidevu, hiyo haikubaliki na ulikuwa na haki ya kusimamisha palepale. Toleo jipya la maadili linataka mteja ahusishwe, na maswali ya maadili yapo kwenye pepa. Ila uko sahihi kwamba kuchagua jibu kwenye kompyuta na kusoma uso wa mtoto ni vitu viwili.

Kwa Binti na wengine. Mnaolia na 85, ngazi yetu ni maswali 185 kwa masaa manne, 175 yanahesabiwa, na kabla ya hapo uwe na masters na masaa 2000 ya kazi chini ya usimamizi, au 1500 kwa mfumo wa usimamizi mzito. 2023 waliofanya kwa mara ya kwanza walipita asilimia 56 tu, wanaorudia ni chini zaidi ya hapo. Na hao wengi wao wamezaliwa na Kiingereza. Sasa lugha ingekuwa ndo kila kitu, hawa 44 wengine wameangushwa na nini?

Mimi nadhani watu wanajibu kama wanavyofanya kazini. Kazini mtoto akianza kulia baada ya kuacha kumpa anachotaka, mkuu wa zamu anasema mpe tu wapangaji wa chini wasilalamike. Kwenye mtihani kilio kile kinachopanda ndo mlipuko unaotegemewa pale unapozima tabia, na ukimpa wakati kimefika juu umemfundisha kulia kwa nguvu zaidi. Mtihani una dunia yake, hamna wapangaji wa chini, msimamizi anapokea simu saa yoyote. Jibu kwa dunia ile.

#27 Dokta Feki
Dunia ambayo supavaiza anapokea simu naitaka na mimi.

#28 Binti Kigoma
Wa Ngazi ya Juu asante. Wewe ulisomaje?

#29 Wa Ngazi ya Juu
Kadi. Upande mmoja kisa kifupi nilichokitunga mwenyewe kwa Kiswahili, upande wa pili jina la kitaalamu kwa Kiingereza. Unazipiga kwa sauti, haraka, dakika moja, unahesabu sahihi na makosa, unachora kwenye grafu yako. Ni njia ya watu wa fani yenyewe, Ogden Lindsley ndo aliisukuma, wazo ni kwamba kujua polepole hakutoshi, mpaka jibu litoke bila kukuna kichwa. Halafu namuelezea mume wangu ambaye ni dereva wa lori na hataki kabisa kusikia. Akisinzia najua sijaeleza vizuri. Siku alipodakia "kwahiyo hata kubeti ni hivyohivyo" nikajua nimepatia, nilikuwa namuelezea ratiba ya uwiano unaobadilikabadilika, hujui tiketi ya ngapi itatiki ndo maana huachi.

#30 Mzee wa Mikeka
Naona jina langu limeingia kwenye mtaala bila idhini.

#31 Lushois wa Iowa
Dada wa Ngazi ya Juu, ile kadi nitafanya, aksanti. Lakini juu ya lugha hukunijibu. Wale 44 banaanguka juu ya masomo, miye naanguka juu ya masomo na lugha, mizigo mbili. Usiseme wa mzigo moja akianguka basi wa mizigo mbili analia bure.

#32 Wa Ngazi ya Juu
Hiyo nimeikubali.

#33 Dokta Feki
Nyie mnasoma vitabu, kilichomkwamisha shemeji yangu ni majina. Leseni ya udereva ina la kwanza na la ukoo, maombi aliandika kama tulivyozoea nyumbani, lake, la baba, la babu, na la babu likakaa mahali pa ukoo. Amefika kituo cha mtihani asubuhi kavaa vizuri, dada wa kaunta akaangalia leseni akaangalia kompyuta akasema hawa ni watu wawili. Kageuzwa. Jina la kwanza na la ukoo yafanane na kitambulisho herufi kwa herufi, kama hayafanani rekebisha kwenye akaunti kabla hujapanga tarehe.

#34 Kamongo254
Hii ya Dokta Feki ndio advaisi ya maana tangu juu, na ametoka kwa mtu anaitwa Feki.

Mimi nikumbushe maadili, ni 11 hayo, na huko ndiko wa kwetu tunamwaga maksi bure. Zawadi kutoka kwa mteja mwisho dola 10, na iwe mara mojamoja ya kusema asante, isiwe desturi. Sasa mimi niko na familia moja ya kwetu, kila sesheni chapati na chai ya tangawizi. Chapati haifiki dola 10. Lakini ni kila Jumanne na kila Alhamisi. Kwa exam jibu liko wazi, unakataa kwa adabu na unamwambia supavaiza. Kwa nyumba ya shosho ambaye amekanda tangu alfajiri ukikataa kesho hutafunguliwa mlango.

#35 Mama Zawadi
Asiyekula kwangu namuona amekuja kupeleleza, nasema ukweli.

#36 Chizi wa Data
Hapo Mama Zawadi ametunga swali la mtihani bila kujua. Msimamizi wetu aliandika kwenye mpango kabisa kwamba chai ni sehemu ya kukaribishwa, akaongea na familia, ikaisha.

#37 Wa Ngazi ya Juu
Chizi, hapo mmeyamaliza nyie wenyewe, bodi sidhani kama ingeandika hivyo. Kwenye pepa usijibu chai.

#38 Binti Kigoma
Mmenikumbusha kitu kinaniumiza kweli na naomba jibu la kazi, siyo la pepa. Kuna mama wa mtoto wangu mmoja, ametoka kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Kiingereza hana. Mimi ndo naongea naye tu pale kituoni. Ananiuliza mwanangu anaendeleaje, mbona ameanza kupiga wenzake, ile dawa aliyopewa na daktari aache au aendelee. Nimesoma kwamba fundi haelezi mpango wala matokeo kwa mzazi nje ya alichoelekezwa, na dawa ndo kabisaa haigusi, unamrudisha kwa msimamizi. Msimamizi ndo huyo asiyejua Kiswahili. Nikimrudisha kwake namrudisha kwa ukuta.

#39 Mzee wa Mikeka
Mwambie tu binti. Mama mwenzio.

#40 Wa Ngazi ya Juu
Usimwambie kuhusu dawa, hata kwa huruma. Ukikosea mtoto ndo anaumia. Ya maendeleo muombe msimamizi mkae watatu, yeye aseme, wewe ufikishe neno kwa neno usiongeze.

#41 Chizi wa Data
Na hata hiyo ya kutafsiri haikuwa kazi yake kwenye mkataba. Kama mtoto analipiwa na Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, familia ina haki ya mkalimani bila kulipa senti, kituo ndo kinatakiwa kumleta. Mwambie msimamizi aandike ombi, liwe na tarehe.

#42 Mama Zawadi
Chizi hiyo haki ipo kwenye makaratasi. Mimi nilivyokuja niliambiwa wewe unajua "hello" basi unajua Kiingereza.

#43 Binti Kigoma
Waliomba mkalimani jamani, aliletwa kwa simu. Alikuwa wa Kisomali.

#44 Dokta Feki
😂😂😂

#45 Binti Kigoma
Mama akaitika salamu kwa heshima zote, akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia akasema haya sasa niambie wewe.